Sala iliyogeuka wimbo wa ukombozi

MUZIKI wa wimbo wa taifa wa Tanzania, ‘Mungu Ibariki Afrika’, ulitungwa Johannesburg mwaka 1897 na mwalimu wa shule ya misheni, Enoch Sontonga, ukiwa sala.

Mwaka 1912 wimbo huo, ‘Nkosi Sikelel’ iAfrika’, ulifunga mkutano wa kwanza wa chama kilichokuja kuitwa ANC. Wapinzani wa ubaguzi wa rangi wakauimba kwenye maandamano na mazishi.

Sontonga alifariki dunia mwaka 1905. Hakushuhudia Tanganyika ikiuchukua muziki wake mwaka 1961, Zambia mwaka 1964, wala nchi yake mwenyewe mwaka 1994. Kaburi lake, lililosahaulika kwa miaka mingi, lilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1996.