KUCHAKAA NA KUCHAKAZA: SANAA YA KUPAKA RANGI NA KUZEESHA JENGO LA MFANO LA MBAO

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa kipya kinyemi, ingawa kidonda. Methali hii inaafiki tabia ya binadamu, ambaye hufurahia nguo mpya, nyumba mpya na rangi mbichi ukutani. Hata hivyo, ipo sanaa moja inayokwenda kinyume nayo. Mwenye sanaa hiyo hununua vipande vipya vya mbao safi, akaviunganisha kwa uangalifu mkubwa, kisha akatumia siku kadhaa kuvifanya vionekane kana kwamba vimepigwa na jua na mvua kwa miaka hamsini. Sanaa yenyewe ni ile ya kupaka rangi na kuchakaza majengo madogo ya mbao yanayowekwa kandokando ya reli za mfano, uraibu ulioenea sana Marekani na Uingereza.

Makala haya yana madhumuni mawili. Kwanza, yananuia kueleza hatua za kazi hiyo pamoja na sababu za kila hatua. Pili, yananuia kuonyesha kuwa Kiswahili kina vitenzi vinavyoifafanua kazi hii kwa usahihi, na kwamba tofauti iliyopo kati ya kuchakaa na kuchakaza inabeba kanuni kuu ya sanaa nzima. Suala hili si dogo. Mara kwa mara tunasikia, hata katika kumbi za mihadhara, kuwa Kiswahili ni lugha ya ushairi na siasa lakini huishiwa na maneno kinapoingia karakana. Dai hilo halijibiwi kwa hotuba. Hujibiwa kwa kuieleza kazi ya mikono tangu mwanzo hadi mwisho.

Jengo na Vipimo Vyake

Reli za mfano hutengenezwa kwa vipimo mbalimbali. Kipimo kinachotumiwa na wengi huitwa HO, ambapo kila kitu hupunguzwa mara 87. Kwa kipimo hicho, mlango wa mita 2 huwa na urefu wa milimita 23 hivi, nao ubao wa ukutani wenye upana wa sentimita 20 hubakia na upana wa milimita 2.3.

Tuchukulie kuwa jengo letu ni ghala la mizigo lililosimama kando ya reli ya Marekani enzi za garimoshi la mvuke. Vipande vyake huja vimepangwa katika kisanduku: kuta, boriti nyembamba, milango, madirisha na paa. Mbao zinazopendelewa ni za mti wa Tilia wa Amerika Kaskazini. Mbao hizo ni laini, zina rangi hafifu, na nyuzi zake ni nyembamba mno. Sifa hii ya mwisho ni muhimu kwa sababu nyuzi hazipungui pamoja na jengo. Ubao wenye nyuzi pana, ukiwekwa kwenye ukuta wa kimo cha kidole, huonekana kama umepasuliwa kutoka mti mkubwa kuliko mlima.

Miongoni mwa waliotangulia kueneza sanaa ya kuchakaza ni John Allen, mpiga picha aliyeishi Monterey, California. Reli yake ya mfano, Gorre & Daphetid, ilisifika kwa majengo na mabehewa yaliyoonekana kuwa yamefanya kazi na kuchoka. Allen alifariki Januari 1973, na siku chache baadaye moto ukateketeza sehemu kubwa ya kazi hiyo ya miaka mingi. Aliyekuwa bingwa wa kuigiza uharibifu wa wakati, kazi yake iliangamizwa na uharibifu wa kweli. Kilichosalia ni picha, maandishi na mbinu ambazo wengine wanaendelea kuzifuata.

Namna Mbao Zinavyochakaa

Kabla ya kuigiza uchakavu, ni sharti fundi aelewe unavyotokea. Ubao usiopakwa rangi hugeuka kijivu kwa sababu miale ya urujuanimno iliyomo katika mwanga wa jua huvunjavunja lignini, yaani kile kitu kinachoshikamanisha nyuzi za mti. Mvua huosha mabaki yake, na nyuzi za selulosi hubakia juu zikiwa zimepauka. Kuvu nao huongeza madoa meusi penye unyevu.

Ubao uliopakwa rangi huwa na historia tofauti. Rangi huchujuka kwanza, kisha hupasuka, na hatimaye hubambuka, hasa pale maji yanapopenya kupitia ncha za mbao na matundu ya misumari. Uharibifu huu hauenei sawasawa. Sehemu iliyo chini ya upenu wa paa hukingwa, kwa hivyo rangi yake hudumu. Sehemu ya chini hurukiwa na matope kila mvua inyeshapo. Ukuta unaoelekea jua kali hufifia kuliko ule wa kivulini. Misumari hushika kutu na kutoa michirizi inayoteremka, wala haipandi. Pafukapo moshi pana moto, na vivyo hivyo penye doa pana chanzo.

Maandalizi na Kupaka Rangi

Kosa la kwanza la mwanagenzi ni kujenga kwanza na kupaka rangi baadaye. Gundi ikimwagika juu ya ubao huziba nyuzi zake. Rangi ya maji maji inapopitishwa hapo hainyweki, na alama nyeupe hubaki. Alama hiyo ni vigumu kuifuta. Ndiyo maana wazoefu hutia rangi vipande vingi kabla ya kuviunganisha. Samaki mkunje angali mbichi.

Kosa la pili ni kulowesha ubao upande mmoja pekee. Nyuzi za upande uliolowa huvimba ilhali za upande wa pili zimetulia, hivyo ukuta hupinda. Kinga yake ni kugandisha viegemeo vya mbao nyuma ya ukuta, kupaka pande zote mbili, na kuulaza ukuta chini ya kitu kizito ukikauka.

Baada ya kulainisha kingo kwa msasa, fundi huburura brashi ya waya juu ya ubao akifuata ulalo wa nyuzi ili mistari ya uzee ijitokeze. Kisha hutoboa alama za misumari kwa ncha ya sindano. Alama hizi hazitawanywi ovyo. Katika jengo la kweli misumari hupigiliwa penye nguzo za ndani ya ukuta, ambazo mara nyingi huachana kwa sentimita 40 hivi. Kwa kipimo cha HO, nafasi hiyo ni milimita 4.6.

Hatua inayofuata ni kuupa ubao rangi ya kijivu cha uzee. Mchanganyiko unaotumika sana ni wino mweusi uliozimuliwa kwa spiriti, kijiko kimoja au viwili vya chai katika takriban nusu lita. Spiriti hukauka haraka na haivimbishi nyuzi sana kama maji. Kwa kuwa hushika moto kwa urahisi, kazi hii hufanywa penye hewa ya kutosha, mbali na mwali wowote. Ni afadhali kupaka mara tatu kwa wepesi kuliko mara moja kwa uzito, maana weusi ukishanyweka hautoki.

Juu ya kijivu hicho ndipo hupakwa rangi ya jengo. Kwa ghala letu, nyekundu ya udongo itokanayo na oksidi ya chuma inafaa, kwani ilikuwa rangi ya bei nafuu iliyotumiwa sana. Hata hivyo, rangi kali juu ya kitu kidogo huonekana nzito kupita kiasi. Kwa sababu hiyo fundi huipunguza ukali kwa kuitia kijivu au nyeupe kidogo, na huepuka weusi na weupe usiochanganywa.

Kuchakaza

Sasa ndipo kuzeesha kwenyewe huanza. Ili rangi ionekane imebambuka, fundi hupaka rangi ya maji kwa wembamba, na kabla haijakauka kabisa hugandamiza utepe wa gundi juu yake na kuubandua. Vipande vya rangi huondoka na utepe, na kijivu kilichokuwa chini huonekana. Kazi hii hufanywa zaidi karibu na ardhi, na kidogo sana chini ya upenu.

Baadaye, rangi ya hudhurungi iliyozimuliwa sana hupitishwa ukutani ili ituame katika nyufa na kutoa vivuli. Ikishakauka, brashi iliyochovywa katika rangi hafifu na kupanguswa hadi ikaribie kukauka hupitishwa juujuu, na kingo zilizoinuka pekee ndizo hushika rangi hiyo. Mwishowe chaki za rangi hukwanguliwa ziwe unga. Unga wa rangi ya udongo hupakwa chini ya kuta, wa kutu chini ya misumari na bawaba, na wa masizi paani kando ya dohani. Vanishi isiyong'aa hupulizwa ili kuushikilia unga huo, ingawa huufifisha kiasi.

Fundi na Kauli za Vitenzi

Msomaji wa sarufi atakuwa ametambua kuwa maelezo haya yamejengwa juu ya jozi za vitenzi. Katika kundi la kwanza, hali ya kitu ndiyo msingi na tendo la fundi huundwa kwa kauli ya kutendesha: chakaa na chakaza, fifia na fifisha, zeeka na zeesha. Katika kundi la pili mwelekeo ni kinyume. Tendo lina mtendaji, nayo hali huonyeshwa kwa kiambishi -k-: bambua na bambuka, chujua na chujuka, pasua na pasuka.

Jozi hizi ndizo kanuni ya sanaa. Mezani pa fundi, vitenzi vyote vina mtendaji, kwani yeye huchakaza, hufifisha na hubambua. Lakini jengo likishakamilika, mtazamaji anapaswa kuona hali pekee. Akisema, "Ghala hili limechakaa," fundi amefaulu. Akisema, "Ghala hili limechakazwa," fundi ameshindwa, kwa kuwa mkono wake umeonekana. Doa lisilo na chanzo, kutu isiyo na msumari au michirizi isiyofuata mteremko wa maji humrudisha mtendaji katika sentensi ambayo alitakiwa kutoweka.

Hitimisho

Tumeona kuwa kuchakaza jengo la mfano si kulichafua. Ni kulipa historia ambayo kila sehemu yake ina sababu: jua, mvua, matope, moshi na muda. Tumeona vilevile kuwa maneno ya kuieleza kazi hii hayakuhitaji kubuniwa na jopo lolote. Msasa, boriti, bawaba, upenu, kuzimua, kubambua na kubandua ni maneno yaliyomo tayari vinywani mwa maseremala, wapaka rangi na waashi, ingawa ni nadra kuyakuta katika tasnifu zetu.

Hapo ndipo ulipo wajibu wa mwanafunzi wa Kiswahili. Maneno nayo huchakaa yasipotumiwa, na tofauti yake na ghala letu ni kwamba uchakavu huo si wa kuigiza. Kabla ya kudai kuwa lugha imepungukiwa, inafaa tusimame mbele ya kibanda cha zamani cha mbao na mabati, tukiangalie kwa makini kutoka paani hadi chini, kisha tumuulize fundi aliye karibu jina la kila tunachokiona.