Zinjanthropus: Kweli au Uongo?

*Zamadamu huyu aligunduliwa na mtafiti Louis Leakey.*
UONGO. Asubuhi ya Julai 17, 1959, Louis alikuwa kambini Olduvai, Tanzania, homa imemlaza. Mkewe, Mary, ndiye aliyetoka na mbwa wake, akaona mfupa umechomoza mtelemkoni, kisha magego makubwa. Akakimbilia gari kwenda kumwita mumewe. Kichekesho ni kwamba mahali penyewe wataalamu hupaita FLK, yaani Frida Leakey Korongo, na Frida alikuwa mke wa kwanza wa Louis! Neno letu “korongo” nalo likaingia hivyo katika majarida ya sayansi.

*Olduvai ni jina la Kimasai.*
NUSU KWELI. Wamasai husema Oldupai, mkonge pori uliojaa kule. Mgeni alisikia vibaya, akaandika alivyosikia.

*Zinjanthropus ni babu yetu.*
UONGO, na huu ndio uongo sugu kuliko wote. Kosa lilianza kwa Louis mwenyewe, aliyedhani zamadamu huyu ndiye aliyechonga zana za mawe zilizokutwa pale. Lakini kuanzia 1960, Oldupai hiyohiyo ikatoa mifupa ya kiumbe mwingine, mwenye ubongo mkubwa zaidi, na mwaka 1964 akapewa jina la Homo habilis. Wawili hao waliishi zama moja. Louis akabadili kauli: fundi wa zana ni huyu wa pili. Zinjanthropus, ambaye leo wengi humwita Paranthropus boisei, ni wa tawi la pembeni, na tawi hilo lilikatika zaidi ya miaka milioni moja iliyopita. Kwa hiyo ni ndugu wa mbali aliyekufa bila kuacha uzao.

*Alikula njugu ngumu.*
UONGO, kwa sehemu kubwa. Magego yake yalimpa jina la utani la Mbangua Njugu. Lakini vipimo vya kemia ya meno vinaonyesha alikula zaidi mimea jamii ya nyasi na ndago.

*Ana umri wa takriban miaka milioni 1.8.*
KWELI. Louis alikadiria miaka 600,000 tu. Mwaka 1961 majivu ya volkano ya pale yakapimwa, umri ukaruka karibu mara tatu.

*Wazungu waliondoka na fuvu lake.*
UONGO. Limehifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.