Mashine ya kupima kovu la ini yabadili soko la dawa

Jumatatu ya Desemba 19, 2022, hisa za kampuni ya dawa ya Madrigal Pharmaceuticals ya Marekani zilifunga soko la Nasdaq kwa bei inayozidi mara tatu ile ya Ijumaa iliyotangulia. Dawa yake ya ugonjwa wa ini lenye mafuta, resmetirom, ilikuwa imefaulu majaribio.

Lakini dawa huuzwa kwa mgonjwa anayejulikana, na wengi wenye ugonjwa huu hawajisikii kuumwa. Kwa miaka mingi njia ya kuaminika ya kujua kovu limefika wapi ilikuwa kumchoma mtu sindano na kutoa kinyama cha ini, kama sehemu 1 kati ya 50,000 ya ini zima. Kipimo hicho ni ghali, kinauma, na mara chache damu huvuja. Soko la mamilioni ya watu haliwezi kusimama juu ya sindano.

Njia nyingine ilikuwa imeshapatikana Paris. Mwaka 2003 kampuni ya Echosens ilitoa mashine ya FibroScan. Kifaa chake hugonga ngozi kati ya mbavu za kulia, mtetemo ukaingia kwenye ini, na ultrasaundi ikapima kasi yake. Ini laini hupitisha mtetemo polepole. Lililokakamaa kwa makovu huupitisha haraka. Vipimo 10 huchukua dakika chache. Matokeo husomwa kwa kilopaskali: chini ya 8, uwezekano wa kovu kubwa ni mdogo; yakizidi hapo mgonjwa hupelekwa kwa mtaalamu.

Machi 14, 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha resmetirom kwa wenye kovu la wastani hadi kubwa ambao ini lao halijasinyaa. Haikudai sindano kwanza, na kwa wafanyabiashara hiyo ndiyo ilikuwa habari yenyewe. Agosti 2025 ikafuata Wegovy ya Novo Nordisk. Septemba Roche ilitangaza kuinunua 89bio, na Oktoba Novo Nordisk ikatangaza kuinunua Akero. Zote mbili zilikuwa na dawa za ini zikiwa bado majaribioni.

Mwekezaji mdogo asikimbilie tarakimu za kilopaskali. Mashine hudanganyika: aliyekula chini ya saa 3 kabla ya kipimo, mwenye ini lililovimba, au ambaye moyo wake umelemewa, huonekana ana kovu kuliko alilo nalo. Tena idhini zote mbili zilitegemea vinyama vya sindano, na zilitolewa kwa sharti la kuendelea na majaribio. Ni vinyama hivyo hivyo vilivyoiangusha Genfit ya Ufaransa Mei 2020, hisa zake zikapoteza zaidi ya nusu ya thamani. Kampuni ikitangaza kuwa ini limelainika, uliza sindano imesema nini.

Anayetaka hisa za mashine yenyewe atalazimika kutazama Shenzhen, China, zinakouzwa hisa za Furui, kampuni iliyoinunua Echosens mwaka 2011.