Mgonjwa Asijihukumu Mwenyewe

Mgonjwa akija kwetu hutuonyesha mahali panapomwuma: tumbo, kifua au mguu. Lakini kuna uchungu mwingine asiouonyesha. Usiku, wenzake wakilala, yeye hujiuliza, "Nimekosa nini? Mimi ndiye niliyeleta ugonjwa huu nyumbani."

Sisi wa Kimemi twaujua uchungu huo. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Mangina, ikafika Beni na Butembo, ikaisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua, na 2,287 wakafa. Waliopona walikuwa zaidi ya 1,100, na wengine wao walirudi nyumbani na moyo mzito kuliko ugonjwa wenyewe. Mama mmoja aliniambia, "Nilimtunza mume wangu, kisha nikambeba mtoto. Mimi nilimwua mtoto wangu."

Mama huyo asikilize, nawe pia. Ugonjwa ule huambukiza kwa damu, matapishi, kuhara na jasho la mgonjwa, tena kwa kuosha maiti yake. Basi, ni nani agusaye vitu hivyo? Si adui. Ni mke, ni dada, ni mama anayekesha kando ya kitanda. Aliyemtunza mtu wake bila kujua hatari hakuua mtu. Na wanafunzi wa Yesu walipomwona kipofu tangu kuzaliwa, wakatafuta ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, Bwana alikataa swali lao. Mbona sisi twaliuliza tena kila siku?

Wahubiri wengine hukemea neno kujihurumia. Mimi pia nililikemea zamani, kwa maana nilidhani ni kulalamika tu. Lakini mtazame Eliya chini ya mti jangwani. Alichoka, akaomba afe. Malaika hakuanza kumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamlisha mara ya pili. Safari ilikuja baadaye.

Wengi waliopona Ebola waliumwa na viungo kwa miezi mingi; wengine macho yaliwauma, wengine walichoka upesi na kusahau mambo. Mtu akishindwa kushika jembe alijiita mvivu. Huo si uvivu. Ni mwili ambao bado unatoka katika ugonjwa. Hata aliyeugua kifua kikuu au aliyepasuliwa, asijipime kwa nguvu alizokuwa nazo mwaka jana.

Mawazo ya kujihukumu yakikujia, ujiulize: mwenzangu wa kitanda cha pili angesema hivi, ningemjibu nini? Hungemwambia, "Ndiyo, umestahili." Basi jibu lile lile ujiambie wewe, hata kwa sauti. Kula kidogo kidogo, hata kama chakula hakina ladha: uji, maharagi, ndizi. Mwenye huzuni mara nyingi huacha chakula, kisha husahau dawa, na hapo ugonjwa hupata nguvu. Omba pamoja na mtu mwingine, usiombe peke yako tu.

Huzuni ikizidi juma mbili, usingizi ukakosekana na kazi ikashindikana, uje hospitali kama vile ungekuja kwa homa. Na wazo la kutaka kufa likikujia usiku, usingoje kupambazuke. Nyumbani, mwamshe mtu. Hapa kwetu, mwite mwuguzi wa zamu. Yuko macho kwa ajili hiyo.