Vidole Vimekatika, Kazi Je?



Usiku ule majani yalikuwa mengi kiwandani. Mvua ilikuwa imenyesha juma zima, wachumaji walileta magunia mpaka jioni, na msimamizi wa zamu alitaka yote yasagwe kabla ya alfajiri. Saa tisa za usiku majani yakakwama kwenye rola. Amri iliyobandikwa ukutani ilisema mashine izimwe kwanza. Lakini kuizima na kuiwasha tena hula wakati, na sisi sote katika kiwanda kile cha chai tulijua kwamba anayechelewesha kazi huandikwa jina. Kifuniko cha usalama nacho kilikuwa kimeondolewa miezi mingi, hakijarudishwa. Mwenzetu akapeleka mkono. Rola zikachukua vidole vinne vya mkono wake wa kulia.

Alikuwa amefanya kazi pale miaka kumi na mmoja. Kampuni ilimpeleka hospitali na kulipa, hilo tulikubali. Alikaa huko, kisha akakaa nyumbani kambini mpaka kidonda kikapona. Mwezi wa nne akaitwa ofisini. Karani akamsomea barua: kwa kuwa hawezi tena kazi ya mashine, kampuni inamshukuru na inamwachisha. Akahesabiwa mshahara wa mwezi mmoja na pesa kidogo za pole. Halafu akawekewa karatasi ya pili, iliyosema kwamba amelipwa haki zake zote na hana dai lolote. Alikuwa mtu anayejua kuandika. Lakini mkono aliouandikia haukuweza tena kushika kalamu, basi akatia dole gumba la kushoto.

Pamoja na kazi ilikwenda nyumba ya kambi, posho ya kila mwezi, matibabu ya zahanati na nafasi za watoto wawili katika shule ya shamba. Aliambiwa ahame mwisho wa mwezi.

Madai mawili, si moja

Ninasimulia habari hii kwa sababu wengi wetu tungefanya kama alivyofanya. Tunadhani mtu akikatika kiungo kazini, anachoweza kupata ni "pesa ya ajali", na akishaipokea mambo yamekwisha. Sivyo. Hapa kuna madai mawili. La kwanza ni fidia ya mwili ulioharibika. La pili ni kazi yenyewe. Kulipwa la kwanza hakufuti la pili. Mwenzetu alikuwa hajalipwa hata moja, na karatasi ilikuwa inasema amelipwa yote.

Tuanze na fidia. Hapa Uganda jambo hili liko chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000. Mfanyakazi akiumia kwa ajali iliyotokana na kazi yake, mwajiri ndiye anayepaswa kulipa. Akipoteza uwezo wote wa kufanya kazi daima, kiasi chake ni mapato ya miezi 60. Akipoteza sehemu tu ya uwezo huo, daktari hupima na kuandika kwa asilimia, na fidia hufuata asilimia hiyo.

Tufanye hesabu ili kila mtu aone. Tuseme mtu anapata shilingi 200,000 kwa mwezi. Miezi 60 ni shilingi 12,000,000. Daktari akiandika asilimia 30, fidia ni shilingi 3,600,000. Sasa linganisha na mshahara wa mwezi mmoja na pesa za pole. Ndiyo sababu karatasi ya dole gumba huletwa upesi.

"Lakini yeye mwenyewe alipeleka mkono." Neno hili mtalisikia kila mahali, hata kutoka kwa wafanyakazi wenzetu, na mnyapara hulisema kwanza kabisa. Jibu limo ndani ya sheria: fidia hulipwa hata kama ajali imetokana na uzembe wa mfanyakazi. Basi mtu asione haya kudai. Na tujiulize pia nani aliondoa kifuniko, na nani aliyeandika majina ya waliozima mashine.

Kazi nayo

Tuje kwenye dai la pili. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inautaja ulemavu miongoni mwa mambo ambayo si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Inakataza pia ubaguzi kwa sababu ya ulemavu. Na mwajiri ndiye anayepaswa kuonyesha kwa nini amemwachisha mtu. Mfanyakazi halazimiki kuthibitisha kwamba alionewa kabla mwajiri hajaeleza.

Mwajiri atasema, "Nitamweka wapi mtu asiye na vidole?" Swali hilo ni la haki, lakini lijibiwe kwa kutazama kiwanda, si kwa kutazama mkono. Katika kiwanda chetu palikuwa na mizani ya kupokea majani, palikuwa na lango, palikuwa na stoo na daftari la magunia. Mtu aliyekaa miaka kumi na mmoja anajua majani mazuri na mabaya kwa kuyanusa. Hakuna aliyekaa naye hata nusu saa kuuliza anaweza nini. Barua ilikuwa imekwisha kupigwa chapa kabla hajaitwa.

Kwa majirani zetu

Ni vizuri kujua wenzetu wamefika wapi, kwa maana hoja ya jirani ni silaha mezani.

Nchini Kenya, Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inahesabu mapato ya miezi 96 kwa mtu aliyepoteza uwezo wake wote daima, yaani miezi 36 zaidi kuliko kwetu. Mwajiri anatakiwa kuripoti ajali kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini ndani ya siku saba baada ya kuarifiwa. Sheria hiyo ilipingwa mahakamani kwa miaka mingi, mpaka Mahakama ya Juu ilipoithibitisha Desemba 2019. Tena Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka huo huo wa 2007 inasema kwamba kabla ya kumwachisha mtu kwa sababu mwili wake hauwezi, mwajiri lazima amweleze sababu hiyo kwa lugha anayoielewa, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama chumbani. Mwenzetu angekuwa na mtu mmoja tu karibu naye siku ile, lile dole gumba lisingegusa wino.

Nchini Tanzania njia ni nyingine. Huko upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa chini ya sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015. Waajiri wote huchangia, mfanyakazi hakatwi hata senti, na Mfuko ndio unaolipa. Aliyeumia hangojei huruma ya bosi mmoja. Tena kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinasema kwamba mtu aliyeumia akiwa kazini, mwajiri anapaswa kujitahidi zaidi kumtafutia nafasi kuliko yule aliyeugua kwa sababu nyingine. Hoja ni nyepesi na ya haki: mwili huu umeharibika kwa ajili ya kazi yako, basi usiutupe.

Mambo ya kufanya

Tawi letu lilijifunza kwa kuchelewa. Ninyi msichelewe. Ajali ikitokea:

1. Ripoti siku ile ile, kwa msimamizi na kwa mwakilishi wa chama. Andika tarehe, saa, mashine na majina ya walioona. Asiyeweza kuandika aandikiwe na mwenzake.

2. Hakikisha habari imefika kwa Afisa wa Leba wa wilaya. Msiseme "ofisi imekwisha peleka" mpaka mmeuliza wenyewe.

3. Tunza kila karatasi ya hospitali na kila karatasi ya mshahara. Fidia huhesabiwa kwa mapato, na asiye na karatasi hubishiwa mapato yake.

4. Usitie sahihi wala dole gumba kwenye karatasi usiyosomewa ukaielewa. Sema tu, "Nitairudisha kesho," uende nayo kwa mwakilishi.

5. Ukiachishwa, hesabu siku. Malalamiko ya kuachishwa bila haki hupelekwa kwa Afisa wa Leba ndani ya miezi mitatu.

6. Kama umechangia Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii na huwezi tena kazi, ulizia malipo ya kutojiweza. Hayo ni akiba yako mwenyewe, si zawadi ya kampuni.

Na ninyi vibarua msidhani haya hayawahusu. Kanuni za Ajira za mwaka 2011 zinasema kibarua aliyefanya kazi miezi minne mfululizo anastahili mkataba wa maandishi. Rola haiulizi kama mtu ni wa kudumu au wa kutwa.

Mwisho wa habari

Mwenzetu alikuja kwenye tawi akiwa amebakiza siku tisa katika ile miezi mitatu. Alikuja kuaga tu, alikuwa amepata lori la kumpeleka kwao. Katibu wa tawi ndiye aliyeuliza, "Wamekupima asilimia?" Akasema hajui hiyo ni nini. Lori likaenda bila yeye.

Kwa Afisa wa Leba ile karatasi ilisomwa kwa sauti mbele ya kampuni, na mwakilishi wao hakuweza kuonyesha imelipa haki zipi. Daktari akampima. Baada ya miezi mingi fidia ya vidole ikalipwa kwa hesabu ya sheria, na kampuni ikalipa pia kwa kumwachisha isivyo halali. Kazi hakurudishiwa. Nyumba ya kambi ilikuwa imekwisha kupewa mtu mwingine, na watoto walipoteza mwaka mzima wa masomo.

Kwa hiyo hatusemi tulishinda. Tulipata nusu, na nusu nyingine ilipotea katika wiki zile ambazo hakuna aliyekwenda kumtembelea kambini kumuuliza ameandikiwa nini. Juma lile lile kamati ya tawi iliweka desturi: mwenzetu akiumia, mtu mmoja wa kamati humwendea hospitali kabla siku tatu hazijapita, na hakuna aliyeumia anayeingia ofisini peke yake. Kifuniko cha rola kilirudishwa mwezi uliofuata. Kilikuwa stoo muda wote.