Kilichowamaliza Askari Farasi Wepesi

Wengi wakiwataja askari farasi wepesi wa Ulaya huanzia Balaklava, katika Vita vya Krimea, 25 Oktoba 1854, Waingereza wapatao 670 walipoingia bondeni huku mizinga ya Warusi ikiwapiga mbele na ubavuni. Hapo si pa kuanzia. Amri iliwafikia vibaya, na walichotumwa kufanya hakikuwa kazi yao.

Kazi yao ilikuwa upelelezi. Askari hao, kama mahusari wa Hungaria, maulani wa Poland wenye mikuki na Makozaki, walilitangulia jeshi, wakahesabu mioto ya kambi za adui na kuwanasa wajumbe wake. Adui akishindwa, walimwandama asipate nafasi ya kujipanga upya. Oktoba 1806, Waprusi wakiwa wanakimbia baada ya kupigwa na Napoleon huko Jena, Jenerali Lasalle wa Ufaransa alifika mbele ya ngome ya Stettin akiwa na mahusari wasiofika elfu moja. Ndani mlikuwa na askari zaidi ya 5,000. Farasi haparamii ukuta, lakini Lasalle alitoa vitisho na ngome ikasalimu amri.

Mara nyingi lawama ya kuanguka kwao hutupiwa bunduki. Mimi naanza na farasi mwenyewe. Napoleon alipovuka mto Niemen, Juni 1812, shayiri ilikuwa haba, farasi wakalishwa nafaka mbichi ya rai. Matumbo yakawasokota, mvua ya baridi ikawanyeshea, na maelfu wakafa kabla ya vita vyovyote vikubwa. Waliosalia, Murat, kamanda wa wapanda farasi wake, aliwakalisha na matandiko kutwa nzima hadi migongo ikachubuka. Mwaka uliofuata Ufaransa iliokota vijana wapya wa kubeba bunduki, lakini farasi wa vita hakui kwa msimu mmoja. Napoleon akashinda Lützen na Bautzen, na mara zote mbili adui akaondoka na jeshi lake likiwa zima, kwa kukosa wapanda farasi wa kumfukuza.

Bunduki zilizolenga mbali zilikuja kuzidisha shida. Tarehe 12 Agosti 1914, huko Haelen, Wabelgiji walioshuka kwenye farasi na kulala chini na bunduki zao waliwavunja wapanda farasi wa Kijerumani waliokuja kwa kasi. Hata hivyo mpelelezi hana haja ya kushambulia, kwa hiyo kazi ya kuona ilikuwa bado yao. Wiki tatu baadaye nayo ikawatoka: marubani waliona kutoka angani jeshi la Jenerali von Kluck wa Ujerumani likikata kona kuelekea mashariki ya Paris. Farasi wa Jenerali Sordet wa Ufaransa walikuwa wamechoka taabani kwa kuzunguka Ubelgiji.

Mashariki mwa Ulaya, kwenye nyanda pana zenye ndege chache, farasi aliendelea kufaa: Komarów, 31 Agosti 1920, wapanda farasi wa Poland waliwashinda wale wa Budyonny, kamanda wa Jeshi Jekundu la Urusi. Mwaka 1939 Poland ilikuwa bado na brigedi 11 za farasi. Kwa kawaida ziliwatumia farasi kwa safari tu. Zikifika vitani askari walishuka na kupigana kwa miguu, na vifaru wakavikabili kwa mizinga.