Picha za jamaa zisikae katika simu moja tu



Tarehe 27 mwezi wa tano 2021, siku tano baada ya Nyiragongo kutapika moto, wakaaji wa mitaa 10 ya Goma waliamriwa kuhama. Wengi walishika njia ya Sake kwa miguu, wengine wakapanda mashua kwenda Bukavu, wengine wakavuka mpaka wa Rwanda. Kila mmoja alibeba alichoweza: godoro, bidoni, mtoto mgongoni. Tangu siku zile tumekimbia tena mara nyingi, na si kwa sababu ya volkano tu.

Zamani, aliyekimbia aliacha albamu nyumbani. Leo jamaa nyingi hazina tena albamu. Arusi, ubatizo, mazishi ya nyanya, mtoto siku ya kwanza ya masomo, vyote viko katika simu ya mtu mmoja. Na simu ni kitu kinachopotea upesi sana safarini. Inaanguka majini, inanyang'anywa njiani, au inauzwa ili watoto wale.

Si mambo ya ukumbusho tu. Katika siku zile za 2021, UNICEF ilitangaza kwamba watoto zaidi ya 150 walikuwa wametengana na jamaa zao. Mama anayeweza kuonyesha watu wa Msalaba Mwekundu picha wazi ya uso wa mtoto wake anasaidiwa kwa urahisi kuliko yule anayeeleza kwa maneno tu kwamba ana miaka minne na amevaa kaptula ya bluu. Kwa hiyo kila mzazi awe na picha ya karibuni ya kila mtoto, uso ukionekana vizuri, na picha hiyo iwe pia kwa mtu mwingine anayekaa mbali.

Yeremia alijua jambo hili. Jeshi la Babeli lilikuwa limezunguka Yerusalemu, naye mwenyewe alikuwa amefungwa, lakini alinunua shamba la Anathothi kwa binamu yake Hanameli, kwa shekeli 17 za fedha. Hati ya ununuzi iliandikwa mara mbili, moja ikatiwa muhuri na nyingine ikaachwa wazi, kisha Baruku akaambiwa aziweke katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi (Yeremia 32). Kopi mbili, katikati ya vita! Lakini zilikuwa katika chombo kimoja. Sisi tunaweza kufanya vizuri zaidi kidogo: vyombo viwili, miji miwili.

Watu wengi hunijibu, «Pasta, picha zangu nimezituma WhatsApp.» Ni vizuri, na ni bora kuliko kukosa kabisa. Lakini WhatsApp ni njia ya kutuma, si ghala. Ikituma picha kwa njia ya kawaida inaipunguza ili isile mega nyingi. Ukitaka kuichapisha kwa karatasi baadaye, nyuso zinakuwa kama zimefunikwa na ukungu. Ukiwa na picha ya maana, itume kwa alama ya Document: hapo inafika nzima. Tena aliyeipokea aihifadhi mahali pengine, kwa sababu akibadilisha simu inaweza kupotea kwake pia.

Simu nyingi za Android zina Google Photos, yenye kuweka kopi katika intaneti. Nafasi ya bure ni giga 15, nayo inagawanywa na imeli na vitu vingine vya akaunti ileile. Ikiwa kila picha ni mega 4, hiyo ni picha zaidi ya 3000. Video ndizo zinazomaliza nafasi. Ingia ndani uhakikishe kwamba Sauvegarde imewashwa, na iwe kwa wifi peke yake kama hutaki mega zako ziishe usiku mmoja. Hapa kuna mtego unaoliza watu. Ukifuta picha ndani ya Google Photos ili simu ipate nafasi, inafutwa simuni na katika intaneti pamoja. Picha iliyokuwa imehifadhiwa inakaa siku 60 katika kikapu cha takataka, kisha inakwenda kabisa. Anayetafuta nafasi abonyeze Libérer de l'espace, inayotoa simuni zile tu ambazo zimekwisha kuhifadhiwa.

Akaunti hiyo ina mlango, na funguo ni neno la siri. Vijana wengi wanaofungulia wazazi akaunti katika soko hawaandiki neno hilo popote. Simu ikipotea pamoja na namba, hata kodi ya kurudisha akaunti inatumwa kwa namba ambayo haipo tena mkononi, na namba isiyotumiwa muda mrefu kampuni inaweza kumpa mtu mwingine. Andika imeli na neno la siri katika karatasi, uiweke pamoja na kadi ya uchaguzi na karatasi za shule. Ongeza pia namba ya pili, ya mke au ya ndugu mwaminifu. Na akaunti isiyofunguliwa miaka miwili Google inaweza kuifuta. Jamaa za marehemu wakumbuke hilo mapema.

Kwa wale wasio na intaneti ya kutosha, yaani wengi wetu, flashi inafaa. Jihadhari na ile ya «tera 1» inayouzwa kwa bei ya giga 8: inapokea picha zote bila kunung'unika, lakini ukizifungua baadaye nyingi hazipo. Baada ya kunakili, ifungue katika ordinateri nyingine uone picha zenyewe. Nunua mbili. Moja ibaki kwako, nyingine umpe shangazi anayekaa Kisangani, Bujumbura au Nakivale. Sisi ambao jamaa zetu zimetawanyika, angalau utawanyiko huo utufae hapa. Kila mwaka iangaliwe tena, maana flashi inakufa bila kuugua.

Picha za karatasi za wazee zipigwe kwa simu kivulini, bila mwanga wa flashi ya kamera, zikiwa zimelala juu ya meza. Pigeni nyuma pia kama kuna maandiko. Nyanya akiwa bado hai, mwulizeni majina ya kila aliyemo na muyaandike.

Kabla ya safari, toa simuni picha za askari, za silaha na za vizuizi. Simu inafunguliwa njiani, na picha moja inaweza kumletea mtu taabu kubwa.

Parokia yenye ordinateri inaweza kutenga Jumamosi moja kwa kazi hii, na vijana wa kwaya wasaidie kina mama. Picha za watu zisibaki katika ordinateri ya kanisa: zikiisha kunakiliwa, zifutwe mbele ya mwenyewe.